Kuhukumu na Kuamua: Historia ya Vitenzi Viwili

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kazi ile ya kukaa baina ya watu wawili wenye kudaiana na kusema nani ana haki. Twasema kuamua, kukata shauri, kusuluhisha, kupatanisha. Juu ya vyote hivyo, kikiwa kimevaa joho, kiko kuhukumu. Hicho ndicho kitenzi cha mahakamani, cha mimbarini na cha vyeti vyenye mihuri. Nataka kukifuata nyuma kidogo, kwani naona kimepotewa na nusu ya maana yake, na kwa maoni yangu nusu iliyopotea ndiyo iliyokuwa bora.

Asili yake ni Kiarabu, na wanalugha wa Kiarabu wakilieleza shina hilo hutaja kitu cha zizini: hakama, kile kipande cha lijamu kinachomshika farasi taya asikimbie ovyo. Basi kuhukumu, kwa asili, ni kuzuia. Anayehukumu humzuia mwenye nguvu asimle mnyonge. Katika shina hilohilo tumepata hakimu, mahakama na hekima, na Waarabu wenyewe wamepata hukuma, yaani serikali. Hata kwetu neno liliwahi kuwa pana hivyo. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 inaipa hukumu maana ya mamlaka na enzi pamoja na ile ya kukata shauri. Mwenye hukumu alikuwa mwenye nchi.

Jambo la ajabu ni kwamba mtu tumemwita kadhi, lakini kitendo chake hatukukitoa katika jina lake. Kadhi hakadhi, kadhi huhukumu. Kitenzi cha shina la kadhi tunacho, ila tumekipeleka kwingine kabisa: ndicho hiki cha kukidhi haja. Ndicho pia kilichotupa kadha, funga au sala inayolipwa baada ya kupita wakati wake. Maana inayopita katika yote hayo ni kutimiza, kumaliza jambo lililobaki wazi. Mwenye kukumbuka hayo atamwona kadhi kwa jicho jingine: si mtu wa kuadhibu, ni mtu wa kumaliza.

Sasa tuje kwenye sarufi, maana hapo ndipo kitenzi kilipogeuka. Mwarabu ahukumupo hutumia vihusishi. Huhukumu baina ya watu. Akimpa mtu haki, huhukumu kwa ajili yake. Akimnyima, huhukumu juu yake. Kitenzi ni kimoja, na kihusishi ndicho kinachotuambia mizani imelalia wapi. Kiswahili kililipokea neno bila ya vihusishi vyake, kikalitia kiambishi cha mtendwa kama ilivyo ada yake: alimhukumu, wamehukumiwa. Mtu akakaa pale pale anapokaa mtendwa wa kupiga, kufunga na kuchapa. Kitu kinachoingia humo huonekana kimeangukiwa na kitendo. Ndiyo maana leo hakuna asikiaye kwamba fulani amehukumiwa akauliza, "Amepata au amekosa?" Huuliza, "Miaka mingapi?"

Simlaumu mwanasarufi peke yake. Historia nayo ilisukuma. Kabla ya himaya ya Waingereza, iliyoanza Unguja mwaka 1890, Sultani alikaa barazani akasikiliza mashauri, na makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii walihukumu mambo ya kila namna: deni, shamba la mikarafuu, jahazi, ndoa, mpaka wa kiwanja. Mtu aliiendea hukumu kwa miguu yake mwenyewe, akiitaka. Baada ya hapo mamlaka ya makadhi yalikatwa kidogo kidogo, mpaka wakabakiwa hasa na ndoa, talaka, mirathi na mengine ya nyumbani. Makosa ya jinai yalikwenda katika mahakama nyingine, zenye sheria zilizotoka India ya Waingereza na mlango wa nyuma unaofungukia gerezani. Sheikh Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925, aliuishi ukadhi katikati ya mageuzi hayo yote. Upande wa Mombasa hali haikuwa mbali na hiyo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alikuwa mwanachuoni mwenye kalamu kali, lakini mlango wa kazi yake ulikuwa umekwisha kufanywa mwembamba. Na mlango huo ndio ulioandikwa tena katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu walioridhia kufika mbele ya kadhi.

Kwa hiyo sikio la raia lilizoea kulisikia neno hukumu likitoka katika chumba ambacho mwisho wake ni faini, pingu au kitanzi. Magazeti yakamaliza kazi. "Ahukumiwa" katika kichwa cha habari haihitaji tena maelezo.

Hasara ya jambo hili si ya vitabuni tu. Mama mmoja mtaani kwetu alidai fungu lake la urithi kwa kadhi, nami nikaombwa nimsomee karatasi yake. Ilisema wazi kwamba amehukumiwa kupata sehemu yake katika nyumba ya marehemu baba yake. Alikuwa ameshinda. Lakini habari ilipopita vibarazani, ilipita na kitenzi kile kile, na kwa siku mbili tatu majirani walikwenda kumpa pole. Mwenyewe alicheka. Kaka zake hawakucheka. Waliiacha pole ile iendelee, kwani iliwafaa mtaa uamini kwamba dada yao ndiye aliyekosea.

Nimekutana na ugumu huohuo katika ufasiri. Mwalimu Nyerere alipotufasiria tamthilia ya Shakespeare kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, iliyochapishwa mwaka 1969, alituletea baraza moja lenye maana zote mbili za neno hili. Shailoki anasimama mbele ya wakubwa wa mji akiitaka hukumu. Anaitaka kama mtu atakavyo mali yake, anaona wanamcheleweshea. Kabla shauri halijakwisha, hukumu ileile imemgeukia na kumwangukia. Aliyeingia kama mwenye kudai hukumu anatoka kama aliyehukumiwa. Msomaji wa leo, ambaye hukumu kwake ni adhabu tu, huona kichekesho cha mtu anayejitafutia balaa. Lakini nguvu ya onyesho lile imo katika kuamini kwake kwamba hukumu ni haki ya kila anayeingia mlangoni, hata mgeni asiyependwa.

Kuamua kumekwenda njia nyingine. Hiki ni kitenzi cha nyumbani, na maana yake ya mkononi tunaiona kila siku: watoto wakipigana, mtu mzima huingia kati akawaamua. Huwatenganisha kwanza, kisha ndipo huuliza nani kaanza. Hakuna lijamu hapa wala enzi. Kuna mwili wa mtu uliosimama baina ya miili miwili. Wafasiri wameliona hilo. Wa Biblia walikiita kitabu kizima *Waamuzi*. Naye Sheikh Ali Muhsin Barwani, alipofika katika aya ya 35 ya Sura An-Nisaa, inayoagiza mume na mke wakihitilafiana aletwe mtu wa upande huu na mtu wa upande ule, alimwita mtu huyo mwamuzi, ijapokuwa neno la Kiarabu pale latoka katika shina lilelile la hukumu. Sikio lake halikumdanganya. Angesema hakimu, angeiingiza mahakama chumbani mwa watu.

Lakini kuamua hakuwezi kubeba kila kitu. Siku hizi mtu huamua anywe chai au kahawa. Nacho kizazi kipya kimeona pengo, kikaliziba kwa kukopa: "usinijaji," husema vijana, kwa kuwa "usinihukumu" kumekuwa kuzito mno kwa jambo la mavazi na maneno ya watu.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Tanzania Bara, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, si katika mahakama za mwanzo tu, ambako kilikuwako zamani. Waandishi wa mahakama hutofautisha hukumu, inayomaliza shauri, na uamuzi, unaotolewa njiani juu ya jambo dogo. Ni vizuri. Ila wangetusaidia zaidi wakiandika kwamba mahakama imehukumu baina ya fulani na fulani, na kumpa haki fulani. Na kwa mwenye jinai waseme ametiwa hatiani, kisha waitaje adhabu kwa jina lake. Maneno yote hayo tunayo tayari. Yule mama wa mtaani kwetu angeweza kuibandika karatasi yake mlangoni.