Kukimbia wanga: pale mlo unapomtawala mlaji

Kukata wanga ni kupunguza au kuacha kabisa vyakula vinavyogeuka sukari mwilini: wali, sima, chapati, mahamri, muhogo, viazi na matunda matamu. Mlo mkali wa aina hii, maarufu kwa jina la keto, kwa kawaida humruhusu mtu chini ya gramu 50 za wanga kwa siku. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi. Yaani sahani ya wali wa nazi humaliza hesabu ya kutwa, na mbaazi bado hazijamiminwa juu.

Mlo wenyewe haukuanzia kwenye kutafuta umbo. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo baadhi ya watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa huwekewa mlo huo chini ya uangalizi wa hospitali. Kukata wanga ili kupunguza uzani kulivuma zaidi baada ya daktari Robert Atkins kutoa kitabu chake mwaka 1972.

Na mtu hupungua kweli, hilo halina ubishi. Lakini ni vyema kujua kinachopungua kwanza. Mwili ukikosa wanga hutumia akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo imeshika takriban gramu 3 za maji. Kwa hivyo wiki ya kwanza mizani hushuka kwa kasi, na sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji. Mambo yakiwa kinyume huwa vivyo hivyo: mtu akila wanga kwa wingi harusini, akiba ile huanza kujaa tena pamoja na maji yake, na asubuhi mizani inaweza kusoma hata kilo nzima zaidi. Hakuna mafuta ya kilo moja yaliyojengeka usiku mmoja. Ila aliyepanda mizani hajui hilo. Yeye anaona adhabu. Mara nyingi hofu huanzia hapo.

Anajiapiza kutogusa wanga tena, anabana zaidi kuliko jana, njaa na hamu vinamzidi, anakula kwa pupa akiwa peke yake jikoni, kisha anajichukia na kubana upya. Mzunguko huu hauhitaji mtu dhaifu wa nia. Wanaobanika zaidi ni watu wenye nidhamu kali, wale wa kutimiza kila wanachoapa.

Daktari Steven Bratman wa Marekani aliipa hali inayofanana na hii jina mwaka 1997: othoreksia, yaani kushikwa na wazo la kula vyakula "safi" tu hadi wazo hilo likaharibu maisha. Haimo kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa matatizo ya akili wa madaktari wa Marekani uliotoka mwaka 2013, na wataalamu bado wanabishana kuhusu mipaka yake. Hata hivyo dalili zinajulikana. Mtu hupima kila kijiko, hukojolea vijiti vya kupimia ketoni asubuhi na jioni, huwaza chakula saa nyingi za siku, na idadi ya vyakula anavyoviona salama huzidi kupungua: leo ameacha mkate, kesho maembe, mwezi ujao hata karoti. Mbaazi, zenye protini na nyuzinyuzi tele, nazo hutiwa kwenye orodha ya maadui.

Huku Pwani kuna dalili nyingine inayoonekana upesi, kwa kuwa tunakula sinia moja. Anayekata wanga kwa utulivu huketi na wenzake, akachukua samaki wa kupaka na kachumbari, akaacha wali, mazungumzo yakaendelea. Aliyeshikwa huacha kuja. Akialikwa husema amekula, au amefunga, na kwa kuwa saumu za sunna za Jumatatu na Alhamisi ni jambo la heshima, hakuna atakayemuuliza mara ya pili. Saumu ina alfajiri yake na magharibi yake, na adhana ikilia mtu hufuturu kwa furaha. Anayeitetemekea tende ya futari ana jambo jingine. Sifa nazo humzidishia: zamani aliyekonda aliulizwa kama anaumwa, siku hizi anaambiwa amependeza.

Kuna watu ambao kwao hatari si ya moyoni tu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akikata wanga ghafla bila daktari kupunguza dozi, sukari inaweza kuanguka akazirai. Wanaotumia dawa za jamii ya dapagliflozin wanaweza kupata asidi nyingi ya ketoni kwenye damu huku kipimo cha sukari kikionyesha hali ya kawaida, na hilo huwachelewesha kwenda hospitali. Hali kama hiyo imewahi kuwapata hata akina mama wanaonyonyesha waliojinyima wanga kabisa. Kutapika, kuhema haraka na kuchanganyikiwa si "mwili kuzoea keto". Ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Je, ukali wote huo una faida ya ziada? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watu wazima 609 kwa miezi 12. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo watafiti hawakuihesabu kuwa ya maana.

Aliye na ndugu wa namna hii asimshike mkono amlishe hamri kwa nguvu, wala asimtanie mbele ya wageni. Amuulize faraghani ni chakula gani kinachomtisha na tangu lini, kisha amsindikize kwa mtaalamu wa lishe na mshauri nasaha. Hospitali kubwa za kaunti huwa nao. Kwa kawaida huanza na chakula kimoja kinachoogopwa, kwa kiasi kidogo, tuseme vijiko vichache vya mbaazi, kikaliwa mara kadhaa bila kupanda mizani siku ya pili, kabla ya kuongeza kingine.