Gharama ya kupunguza radoni nyumbani

Radoni ni gesi nururifu isiyo na rangi wala harufu, itokanayo na urani iliyomo ardhini. Nchini Marekani ndiyo chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na nyumba hushauriwa kurekebishwa kipimo kikifika pikokuri 4 kwa lita. Fundi hutoboa sakafu ya zege, hupitisha bomba la plastiki hadi juu ya paa, kisha hufunga feni inayovuta gesi usiku na mchana. Kwa kawaida kazi hiyo hugharimu kati ya dola 800 na 2,500, kutegemea msingi wa nyumba; umeme wa feni hulipiwa mbali. Kuziba nyufa pekee ni rahisi, lakini hakutoshi. Bomba likiwekwa wakati wa ujenzi, gharama hupungua sana. Kazi ikiisha, nyumba ipimwe tena.