Na Katika Sisi, Alikuwepo? Wasichana Marubani wa Vita, Riwayani na Katika Historia

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijapanda angani. Rubani alikuwa yule anayeujua mwamba: wapi pana mlango, chombo kipite saa ngapi, maji yakijaa au yakitoka. Ukikaa ufukweni Uroa wakati maji yanakupwa utauona mwenyewe ule mstari mweupe wa mawimbi kule mwambani, na pahala ulipokatika. Zilipokuja ndege, tukalichukua neno vile vile lilivyo. Na raha yake ni kwamba halina mume wala mke. Rubani ni rubani. Sisi wenyewe tu ndio tunaoongeza, "rubani mwanamke", utadhani tumeona kioja.

Nilikuwa Uroa siku za likizo ya skuli, na mkononi nina Code Name Verity, riwaya ya Elizabeth Wein ya mwaka 2012. Binti wa dada yangu, ana miaka kumi na minne, akaniuliza kinahusu nini. Nikamhadithia. Maddie, msichana wa Kiingereza anayependa mitambo, fundi wa pikipiki, anakuwa rubani wakati Vita Kuu ya Pili imepamba moto. Rafiki yake ni jasusi. Rafiki anakamatwa Ufaransa, nchi ikiwa imekaliwa na Wajerumani, na sehemu kubwa ya kitabu ni maandishi anayoyaandika akiwa mikononi mwa Gestapo. Mengine sikumwambia, na wewe sikwambii, kasome. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Mama mdogo, na katika sisi, alikuwepo hata mmoja?"

Nikamwambia, "Hebu ngoja nitazame." Kutazama kwenyewe kumenichukua miezi, na nilichokikuta sicho nilichokitaraji.

Tuanze na Maddie. Mwandishi kamtunga, lakini kazi yake ilikuwepo. Januari 1940 wanawake wanane wa mwanzo walichukuliwa Hatfield, Uingereza, chini ya Pauline Gower, kuingia katika Air Transport Auxiliary. Kazi ya kikosi hicho ilikuwa kuzitoa ndege viwandani na kuzipeleka kwenye vituo vya jeshi. Hawakupigana. Waliruka bila silaha, mara nyingi bila redio, katika mawingu ya Uingereza ambayo mtu wa pwani akiyasikia anaomba dua. Amy Johnson, aliyewahi kuruka peke yake kutoka Uingereza mpaka Australia mwaka 1930, alikufa katika kazi hiyo Januari 1941, ndege yake ilipoanguka kwenye mlango wa mto Thames. Mpaka vita vinakwisha walikuwa wamepita wanawake 168, na tangu mwaka 1943 walilipwa sawa na wanaume. Kwa zama zile, jambo hilo lilikuwa geni kabisa.

Warusi walikwenda mbali zaidi. Oktoba 1941 Stalin alikubali viundwe vikosi vitatu vya anga vya wanawake, baada ya kushinikizwa na Marina Raskova, aliyekuwa mwongoza safari za ndege mashuhuri. Kimoja kati ya hivyo, cha 588, kilipiga mabomu usiku kwa vindege vya Po-2 vya mbao na kitambaa, vilivyokuwa vya kufundishia. Wakikaribia shabaha wanapunguza injini, wanashuka kimya kimya, na Mjerumani aliye chini anasikia upepo tu. Ndiyo maana akawaita wachawi wa usiku. Waliruka zaidi ya safari 23,000. Wengi wao walikuwa wasichana wa miaka ishirini na kitu. Lydia Litvyak, rubani wa ndege za kivita, alipotea vitani Agosti 1943 akiwa na miaka 21. Ukiwataka hawa riwayani, Kate Quinn amewaandika katika The Huntress (2019), na Nina wake ni mtu mkali, mchafu wa mdomo, asiyetaka kupendwa. Mimi nilimpenda kwa hilo hilo.

Marekani nako walikuwepo WASP. Waliomba wanawake zaidi ya 25,000, wakahitimu 1,074, wakafa 38. Na hawa walihesabiwa ni raia, si wanajeshi. Msichana akifa, wenziwe ndio wanaochanga pesa mwili urudishwe kwao. Desemba 1944 kikosi kikavunjwa, vita hata havijesha, maana wanaume walikuwa wanarudi na wanataka viti vyao. Kutambuliwa kuwa walikuwa wanajeshi kulikuja mwaka 1977, na wengine walishakwenda zao.

Waswahili tunasema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Hapa msemo huu unauma, maana kunguru wenyewe walikuwa wasichana wenye kipaji, ambao isingekuwa vita wasingepewa kiti. Vita vilifungua mlango, amani ikaufunga. Hilo riwaya nyingi zinalisema, na zinalisema vizuri.

Lakini swali la mtoto lilikuwa jengine. Hakuuliza kama mwanamke aliweza. Aliuliza kuhusu sisi.

Basi nikarudi nyumbani, Afrika Mashariki. Hapo nikakuta kitu ambacho sikukijua: katika miaka ya 1930, ndege zilizokuwa zikija Unguja kutoka Nairobi zilikuwa za kampuni ya mwanamke. Florence Kerr Wilson, mjane, mlowezi wa Kenya, alianzisha Wilson Airways mwaka 1929, na ndege zake zikafika Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zikibeba barua na abiria. Vita vilipoanza mwaka 1939, ndege na marubani wake walichukuliwa kwa kazi ya jeshi, na kampuni ikaishia hapo. Kwa hiyo kwa Florence Wilson vita havikufungua mlango, viliufunga. Jina lake limebaki kwenye kiwanja cha ndege cha Wilson, Nairobi, ambacho wengi wetu tumepita bila kujiuliza Wilson ni nani. Mimi nilikuwa nikidhani ni mwanamume.

Aliyekuwa rubani wa kampuni hiyo, Tom Campbell Black, ndiye aliyemfundisha Beryl Markham. Huyu alikulia Njoro, akapata leseni ya rubani wa biashara mwaka 1933, akawa anawatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza, akaivuka Atlantiki kwa upande wa magharibi, yaani dhidi ya upepo, akaangukia kwenye matope huko Nova Scotia akiwa hai. Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka 1942, katikati ya vita, kikasahauliwa mpaka kilipochapwa tena mwaka 1983. Ni kitabu kizuri. Anayebisha sidhani kama amekisoma.

Ila nilipokisoma mara ya pili, swali la mtoto likiwa sikioni, nilimwona mtu ambaye mara ya kwanza nilimpita. Utotoni Beryl alikuwa akicheza na kuwinda na vijana wa Kinandi, na mmoja wao alikuwa Kibii. Walikuwa sawa, na porini Kibii ndiye aliyejua zaidi. Wakakua. Kibii akawa arap Ruta, na arap Ruta akawa mtumishi wa Beryl. Aliwahudumia farasi wake, baadaye akaishughulikia ndege yake. Beryl anamwandika kwa mapenzi ya kweli, na hata yeye anaiona huzuni ya mambo yalivyogeuka. Lakini aliyekaa kwenye usukani ni mmoja, na sababu si kipaji. Katika Kenya ile mwanamke angeweza kuwa rubani kama ni mzungu. Mwafrika, mume kwa mke, alipaswa kungoja.

Hapa ndipo nilipoona kwamba mlango ule wa vita ulikuwa na mlango mwengine nyuma yake. Bessie Coleman, Mmarekani Mweusi, alikataliwa na skuli za urubani za kwao, akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, na mwaka 1921 akapata leseni. Ndoto yake ilikuwa kufungua skuli ya urubani kwa watu weusi. Akafa kwa ajali mwaka 1926 kabla haijatimia. Miaka michache baadaye, Chicago, vijana weusi wakaunda klabu ya urubani. Mmoja wao alikuwa John Robinson, ambaye mwaka 1935 alikwenda Ethiopia kumtumikia Haile Selassie na akaongoza jeshi dogo la anga la nchi hiyo wakati Italia inavamia. Mwengine alikuwa Janet Harmon Bragg, muuguzi aliyetoa pesa zake kuinunulia klabu ndege ya mwanzo. Mwaka 1943 Bragg aliomba kuingia WASP. Akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Akaenda Tuskegee kufanya mtihani wa leseni ya biashara, akaruka vizuri, na msimamizi akamnyima. Akarudi Illinois, akaipata huko. Wanawake 1,074 walihitimu WASP, na yeye, aliyekuwa anaruka tangu miaka ya 1930, hakuwemo.

Ethiopia sasa imetajwa, na Elizabeth Wein tena yupo. Mwaka 2015 aliandika Black Dove, White Raven. Rhoda, mzungu, na Delia, mweusi, ni marubani wa maonyesho huko Marekani, marafiki wa damu. Delia anakufa. Rhoda anawachukua watoto wawili, Emilia ambaye ni wake na Teo ambaye ni wa Delia, anawapeleka Ethiopia, maana Delia alitaka mwanawe akulie pahala ambapo rangi yake haitakuwa kosa. Watoto wanafundishwa kuruka. Kisha mwaka 1935 ndege za Italia zinakuja na gesi ya sumu. Riwaya nzima ni makaratasi: barua, insha za watoto, kumbukumbu za safari za angani. Ina mapungufu. Wahabeshi wenyewe wakati mwengine wanabaki pembeni ya hadithi inayotokea nchini mwao. Lakini inaliuliza swali lile lile la Uroa: anga ni ya nani?

Na nje ya riwaya, katika Ethiopia ile ile ya miaka ya 1930, alikuwepo msichana wa kweli akijifunza kurusha ndege. Jina lake Muluemebet Emiru. Uvamizi wa Italia ukamkatiza. Kwa wenziwe wa Uingereza na Urusi vita vilikuwa mwanzo wa urubani. Kwake vilikuwa mwisho.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini. Tumezoea kuisimulia historia hii kama kwamba vita, kwa ubaya wake wote, viliwakomboa wanawake. Inategemea bomu linaangukia upande gani. Kwa msichana wa nchi inayovamiwa, kitu cha kwanza kufa ni skuli.

Fasihi yetu ya pwani inalijua hilo, ingawa haina ndege. Katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah (2020), riwaya ya vita vya Wajerumani huku kwetu, wanaume wanakwenda kuwa askari na Afiya anabaki. Kaka yake amemfundisha kusoma na kuandika. Mlezi anapogundua kwamba mtoto wa kike anaweza kuandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Nikiisoma sehemu hiyo namkumbuka yule msimamizi wa mtihani aliyemnyima Bragg leseni. Mmoja ana fimbo, mwengine ana muhuri, na wote wawili wanaogopa karatasi moja: ile inayosema huyu anaweza. Maana riwaya hizi zote nilizozitaja zimejaa wanawake wanaoandika. Jasusi wa Wein anaandika kifungoni, Emilia anaandika, Markham aliandika. Aliyeandikwa anatafutwa na kupatikana hata baada ya miaka themanini. Arap Ruta tunamjua kwa sababu Beryl aliandika; yeye mwenyewe hatuna kitabu chake.

Leo mambo si yale. Irene Koki Mutungi wa Kenya alipata ukapteni wa Boeing 787 mwaka 2014, na hakuhitaji vita kumpa kiti. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini bado naingoja riwaya ya Kiswahili yenye msichana kwenye usukani, aandikwe na mtu anayejua harufu ya mwani ukianikwa na mlio wa kindege kidogo kinachopita juu ya minazi kuelekea Kisauni. Kama ipo na sijaiona, niambieni, nitaitafuta kwa gharama yangu.

Nilimpigia simu mtoto nikampa jibu. Nikamwambia: alikuwepo, Ethiopia, lakini vita vilimkatiza kabla hajafika mbali. Nikadhani atavunjika moyo. Alinyamaza kidogo, halafu nikasikia karatasi zinapekuliwa.

"Mama mdogo, jina lake linaandikwaje?"

Nikamtajia herufi moja moja, naye akaandika.