"MTU CHUI" ASHUSHWA CHINI, MASANAMU YA DHAHABU YAGOMA KUTOKA!

Kwa miaka kibao, watoto wa shule wa Ubelgiji waliopelekwa makumbusho ya Afrika pale Tervuren, jirani na Brussels, walikutana na jamaa wa kutisha: sanamu la mtu mweusi aliyeficha uso, kavaa vazi la madoa ya chui, kucha za chuma mkononi, kamwinamia mwenzake aliyelala. Lilitengenezwa 1913 na msanii wa Kibelgiji. Kikundi cha siri cha watu chui kiliwahi kuwepo kweli mashariki mwa Congo, lakini sanamu halikueleza walikuwa wanagombana na nani wala kwa nini. Mtoto aliondoka na hofu tu: kumbe Mwafrika ndiyo huyu!

Mwaka 2002 mchoraji mmoja mkali wa Kinshasa akaichora ishu nzima. Waafrika wanalivuta sanamu litoke, Wazungu wanalirudisha ndani, bosi wa makumbusho kasimama anacheki. Na picha hiyo wanayo makumbusho wenyewe.

Jengo likafungwa 2013 kwa ukarabati, likafunguliwa Desemba 2018. "Mtu chui" akawekwa chumba cha chini pamoja na masanamu mengine ya aina yake. Wageni bado wanayaona, ila si sehemu ya maonyesho rasmi tena. Si uamuzi mbaya. Ukilivunja, kesho mtu atabisha kwamba halikuwahi kuwepo.

Mtihani ukawa ukumbi wa duara. Masanamu ya mle yanang'aa dhahabu, na moja linaitwa "Ubelgiji ikileta ustaarabu Congo". Hayo hayang'oki, maana jengo linalindwa na sheria ya urithi (yaani hadi tusi lina wakili). Wasanii wawili, Mkongo na Mbelgiji, wakatundika mbele yake mapazia mepesi yenye picha. Ukitazama, unaona ya mbele na ya nyuma kwa pamoja.

Ila kiboko ni ukuta mwingine humohumo, wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Congo. Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji kuonyeshwa kama vivutio, saba wakafa, na ukutani hawakuandikwa. Msanii mwingine wa Kinshasa akayaweka majina yao kwenye vioo vya madirisha yanayotazamana na ukuta huo. Jua likiwaka, vivuli vyake vinaangukia juu ya majina ya Wabelgiji.