BABU ZETU WAKO WAPI?

Somo: 1 Timotheo 2:1-6



Siku moja baada ya mazishi, mama mzee wa kanisa alinishika mkono, akanivuta kando. Akaniuliza, "Mwanangu, babu yangu aliyenilea alikufa kabla Habari Njema haijafika kijijini kwetu. Hakumnyima mgeni chakula. Je, anachomwa motoni milele? Nami nikifika mbinguni, nitafurahije?"

Ndugu zangu, swali hili si geni. Limelisumbua Kanisa tangu zamani, tena hapa hapa katika bara letu la Afrika.

Huko Alexandria, katika nchi ya Misri, yapata mwaka 185 alizaliwa mwalimu aitwaye Origen. Baba yake aliuawa kwa ajili ya imani, na yeye mwenyewe aliteswa gerezani katika mateso ya Kaisari Decius. Origen aliona moto wa Mungu kuwa kama moto wa mfua dhahabu, ambao huteketeza takataka ili dhahabu ibaki safi. Akatumaini kwamba mwisho wa yote kila kiumbe kitarudi kwa Muumba wake. Lakini wengi waliyaogopa mafundisho hayo. Mwaka 553, karibu miaka 300 baada ya kufa kwake, Mtaguso wa Constantinople ulilitaja jina lake pamoja na majina ya wazushi.

Kanisa letu la Anglikana nalo lilishindana na jambo hili. Mwaka 1553, wakati wa Mfalme Edward wa Sita, zilitolewa Kanuni 42 za Dini. Ile ya mwisho iliwahukumu wasemao kwamba watu wote wataokolewa hatimaye. Miaka 10 baadaye kanuni hizo zilipotengenezwa upya, ile ya 42 iliondolewa. Je, maana yake Kanisa lilianza kufundisha kwamba wote wataokolewa? La, hasha! Kanuni ya 18 ingali yatuambia kwamba hakuna wokovu ila kwa jina la Kristo. Lakini mtu anayetumaini rehema kubwa zaidi hakuhukumiwa tena na kanuni hiyo.

Hata hivyo, ugomvi haukuisha. Mwaka 1855 Askofu John William Colenso alihamia Natal, Afrika Kusini, akae kati ya Wazulu. Alijifunza lugha yao, akatunga kamusi, akatafsiri Maandiko akisaidiwa na William Ngidi, Mzulu aliyemwuliza maswali magumu. Mwaka 1861 Colenso alichapisha maelezo yake juu ya Waraka kwa Warumi. Humo alikataa kufundisha kwamba watu wasiopata kamwe kusikia Injili watateswa bila mwisho.

Mwaka 1863 alishtakiwa mjini Cape Town mbele ya Askofu Robert Gray, akavuliwa uaskofu. Mashtaka yalikuwa mengi, hasa kwa sababu ya alivyoandika juu ya vitabu vya Musa, lakini hili la adhabu ya milele lilikuwamo. Mwaka 1865 baraza la Malkia huko London liliamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kumhukumu. Kanisa la Natal likagawanyika. Lakini Wazulu walimwita Sobantu, yaani baba wa watu, kwa kuwa aliwatetea mbele ya serikali hata alipokufa mwaka 1883.

Sisemi kwamba Colenso alikuwa sawa katika yote. Nasema kwamba alilisikia swali la yule mama.

Wapenzi, twaweza kukosa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufunga mlango ambao Mungu hakutupa ufunguo wake. Mtume Paulo amwambia Timotheo kwamba Mungu apenda watu wote waokolewe. Ya pili ni kumwambia mwenye dhambi, "Lala tu, mwisho wetu ni mmoja." Katika Mathayo 25, Bwana Yesu mwenyewe alisema juu ya kondoo na mbuzi, wa kuume na wa kushoto. Maneno haya yote mawili yamo katika Kitabu kimoja, na hatuna ruhusa ya kurarua hata ukurasa mmoja. Kutumaini kwamba rehema ya Mungu itawafikia wengi kuliko tunavyodhani, hiyo ni haki ya Mkristo. Kuahidi kwamba itakuwa hivyo kwa wote, mimi sikutumwa.

Basi nilimjibu yule mama, "Nyanya, mimi si hakimu wa babu yako. Hakimu wake ni yule aliyesulubiwa, naye alimpenda kabla wewe hujazaliwa. Mwache mikononi mwake."

Alinyamaza kitambo, akafuta machozi. Kisha akasema, "Na mjukuu wangu anayelala kwenye pombe?"

Nikamwambia, "Huyo, nyanya, hatujaambiwa tumwache. Twende tukamtafute leo."

Na wewe msikilizaji, ni nani wa kwako aliye hai ambaye hujamtafuta?

Tuombe. Ee Baba, waliotutangulia bila kulisikia jina la Mwanao twawaweka mikononi mwako. Nasi tuliolisikia, utuzuie tusilidharau, ukatutume leo kwa waliopotea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.