Mtu wa Mwisho Duniani, Akitazamwa Kutoka Njiro

Mkaguzi wa migodi amefukiwa chini ya ardhi huko Pennsylvania. Kwa siku kadhaa anasikia waokoaji wakichimba, kisha sauti zinakoma. Anajichimbua mwenyewe, anatoka juu, hakuna mtu. Vumbi lenye mionzi limepita duniani likaua watu wote wakati yeye yuko shimoni. Anakwenda New York na kukuta magari yameachwa kwenye madaraja na mitaa imenyamaza. Filamu hiyo inaitwa The World, the Flesh and the Devil. Ilitoka mwaka 1959, na mkaguzi huyo aliigizwa na Harry Belafonte.

Mwaka huohuo wa 1959 Belafonte, pamoja na Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, alitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani fedha za kuwasafirisha vijana wa Kenya kwenda kusoma vyuo vya huko, katika mpango wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya. Mwezi Septemba ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81. Kwenye filamu alikuwa mtu mweusi aliyebaki peke yake, asiyejua kama mwanamke mzungu atakayemkuta hai atamhesabu kuwa mtu. Nje ya filamu alikuwa akisaidia kujaza viti vya ndege. Nadhani mambo hayo mawili yalitoka moyo mmoja, na ndiyo maana filamu hiyo bado inagusa kuliko nyingi zilizoifuata, ingawa Belafonte mwenyewe hakuridhika na namna nusu yake ya pili ilivyolegezwa.

Hadithi ya mtu wa mwisho haikuanza na sinema. Mary Shelley aliandika riwaya yake juu ya jambo hilo mwaka 1826, na M. P. Shiel akatoa The Purple Cloud mwaka 1901, kitabu kilichoichochea filamu ya Belafonte. Mwaka 1954 Mmarekani Richard Matheson akachapisha I Am Legend, riwaya iliyozaa filamu tatu. Ya kwanza ni The Last Man on Earth ya 1964, iliyopigwa Roma na kuigizwa na Vincent Price. Ikafuata The Omega Man ya 1971, akiwemo Charlton Heston, kisha I Am Legend ya 2007 ya Will Smith. New Zealand ilichangia The Quiet Earth mwaka 1985. Mambo yanajirudia humo: mji mtupu, redio isiyojibiwa, maduka yaliyo wazi yasiyo na wenyewe, na mwanamume anayezungumza na masanamu ya dukani kwa kiu ya mazungumzo. Belafonte anafanya hivyo, na miaka karibu hamsini baadaye Will Smith anafanya hivyohivyo.

Watazamaji wa Afrika Mashariki walizipata filamu za namna hii kwa njia zao. Kwanza yalikuwapo majumba ya sinema ya mijini, kisha kanda za video na vibanda umiza, ambako wasimuliaji kama Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, waliingiza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wa kigeni. Baadaye wakazi wa Arusha wakawa na kumbi za kisasa pale Njiro Complex.

Njiro ni mahali panapofaa kuanzia hesabu hii. Ni kitongoji cha makazi kusini mashariki mwa Jiji la Arusha, lakini ndani yake zimo taasisi mbili zinazoshughulika na vitu vilevile ambavyo watunzi wa hadithi hizi wamevitumia kuimaliza dunia. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kuchukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi, ina ofisi na maabara zake hapo. Kazi yake ni kupima mionzi katika vyakula, hospitali na migodi. Hapohapo Njiro ipo Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kufuatilia magonjwa ya wanyama wa porini. Vumbi la mionzi ndilo lililoua dunia ya Belafonte mwaka 1959. Katika dunia ya Will Smith kilichoua ni kirusi.

Kirusi hicho kinastahili kutazamwa kwa makini. Katika filamu ya 2007, wanasayansi wanakibadili kirusi cha surua ili kitibu saratani, nacho kinageuka kuwa maangamizi. Surua ina ndugu wa karibu sana katika ukoo wa virusi, naye ni kirusi cha sotoka, ugonjwa wa ng'ombe. Mtazamaji wa Arusha anayekumbuka alichosimuliwa na babu yake hapaswi kuiona filamu hiyo kama ndoto ya wakati ujao. Nchi inayouzunguka Mlima Meru iliwahi kuupitia mwisho wa dunia, na tarehe zake zinajulikana.

Ulianza mwaka 1883 kwa homa ya mapafu ya ng'ombe. Sotoka ikaingia pembe ya Afrika mwaka 1887, ikashuka kusini kwa kasi, na kufikia 1891 ilikuwa imewamaliza ng'ombe wa Wamaasai. Haikuishia zizini. Nyati na wanyama wengine wa porini nao walikufa kwa wingi. Mwaka 1892 ikafuata ndui, ikawakuta watu ambao miili yao ilikuwa imekwisha kwa njaa. Wamaasai wanakiita kipindi hicho emutai, na mapokeo yao yanasema kwamba laiboni mkuu, yaani kiongozi wao wa kiroho, Mbatiany, aliyefariki mnamo 1890, alikuwa ametabiri msiba wa mifugo. Wanawe Lenana na Sendeyo wakagombania nafasi yake, vita ikaongezeka juu ya njaa.

Mwaustria Oscar Baumann alipita Ngorongoro mwaka 1892. Aliandika juu ya wanawake waliobaki mifupa, mashujaa wasioweza kusimama, na wazazi waliokuwa tayari kumtoa mtoto wapate kipande cha nyama. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wamekufa. Ni makadirio ya msafiri, lakini nayaamini katika uzito wake, kwa sababu alama za msiba huo zilionekana kwenye ardhi yenyewe: malisho yasiyolishwa yaligeuka vichaka, na vichaka vikakaribisha mbung'o.

Hapa ndipo historia ya Meru inapoachana na filamu za Marekani. Katika filamu, aliyebaki hujifungia ndani, hupanga bunduki, na kila anayebisha hodi usiku ni adui. Katika miaka ya 1890 waliobaki walitembea kuelekea mlimani. Waarusha, wasemaji wa Kimaa waliokuwa wakilima kwenye miteremko ya Meru tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, walikuwa na migomba, mahindi na maharage ambayo sotoka haikuyagusa. Pia walikuwa na mfumo wa rika unaooana na ule wa Wamaasai. Mkimbizi aliyefika mlangoni hakuwa na ng'ombe wala ndugu, lakini alikuwa na rika, na kwa rika hilo alikuwa na mahali pa kukaa. Wanawake waliolewa, watoto walilelewa, vijana walipewa jembe ambalo wazazi wao walilidharau. Wengine walirejea mbugani walipopata ng'ombe tena. Wengi walibaki, na vizazi vyao ni Waarusha leo.

Sisemi kwamba ulikuwa ukarimu mtupu. Mtoto aliyewekwa rehani kwa chakula alikuwa pia mikono ya kazi, na anayempokea mwenye njaa hupata nguvu juu yake. Hata hivyo watu hawakuisha, na hawakuisha kwa sababu walipokelewa.

Kilichofuata kinaumiza. Ardhi iliyoachwa na wafu ilionekana kwa wageni kama ardhi isiyowahi kuwa na wenyewe. Mwaka 1959 Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyefia katika ajali ya ndege mwezi Januari mwaka huo, walitoa filamu yao juu ya Serengeti, ikashinda tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Grzimek alitaka hifadhi isiyokaliwa na watu, na Wamaasai walikuwa wakihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro katika miaka hiyohiyo. Kisha Howard Hawks akaja na John Wayne kupiga filamu ya Hatari! huko Momella, chini ya Mlima Meru. Ilitoka mwaka 1962, na mmoja wa waigizaji wake, Hardy Krüger, akanunua shamba hapo. Ni filamu ya kusisimua, na Momella inapendeza ndani yake. Lakini karibu muda wote watu wa Meru ni kivuli nyuma ya magari, na hii ni miaka kumi tu baada ya Kirilo Japhet kusimama Umoja wa Mataifa, mwaka 1952, kuidai ardhi ya Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki.

Jibu la Afrika Mashariki lilikuja mwaka 2009 kutoka kwa Mkenya Wanuri Kahiu. Pumzi ni filamu fupi ya dakika ishirini na kitu, na iliingia tamasha la Sundance mwaka 2010. Miaka 35 baada ya vita kuu ya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanakunywa jasho na mkojo uliosafishwa, na wanalazimishwa kumeza dawa za kuzuia ndoto. Nje, wanaambiwa, kila kitu kimekufa. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo wenye dalili ya uhai, anapanda mbegu, inaota. Wakubwa wanamkatalia kutoka. Anatoroka kwa msaada wa mfanyakazi wa usafi, anatembea jangwani peke yake, anaupanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho, na anaufunika kwa mwili wake. Kipindi hichohicho Kahiu alitengeneza filamu ya kumbukumbu juu ya Wangari Maathai, na mkono wa Maathai unaonekana waziwazi. Kwangu mimi Asha ndiye mtu wa mwisho bora kuliko wote niliowatazama, kwa kuwa hapiganii kubaki yeye. Arusha inamwelewa vizuri: benki ya taifa ya mbegu ilianzishwa hapa, na kituo cha utafiti wa mbogamboga Tengeru kina hazina yake ya mbegu za mboga za asili.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna filamu iliyolitendea haki. Wanadamu wamefanikiwa kuyatokomeza kabisa magonjwa mawili tu duniani, nayo ni yaleyale mawili yaliyokamilisha emutai. Ndui ilitangazwa kwisha mwaka 1980, sotoka mwaka 2011. Chanjo iliyoimaliza sotoka ilitengenezwa Muguga, Kenya, na kikundi cha Walter Plowright. Na mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, mwaka 1977. Alipona. Baadaye alijitolea katika kampeni za chanjo ya polio nchini mwake, na alikuwa kazini humo hadi alipofariki mwaka 2013.

Waandishi wa filamu wa Arusha wanayo hadithi hii nzima mikononi, tangu utabiri wa Mbatiany hadi Merca. Mapokeo ya emutai bado yanasimuliwa Monduli, Longido na kwenye miteremko ya Meru, na kila mwaka wanaoyajua wanapungua. Nendeni mkayarekodi kwa Kimaa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza wa mswada.