Plazima katika injini ndogo: Cheche kali pekee haiokoi mafuta

PIKIPIKI ya bodaboda inapokataa kuwaka asubuhi ya baridi, jambo la kwanza afanyalo fundi ni kufungua plagi, kuipangusa masizi na kutazama iwapo inatoa cheche. Cheche hiyo, ambayo kwa kawaida haifiki milimita moja kwa urefu, ndiyo inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Kwa miaka mingi wanasayansi wamekuwa wakijaribu kuiboresha kwa kutumia plazima.

Plazima ni hali ya nne ya maada, baada ya yabisi, kiowevu na gesi. Hutokea gesi inapopata nguvu nyingi hadi elektroni zikabanduka kutoka kwa atomu, nayo gesi ikaanza kupitisha umeme. Radi ni plazima, na hata cheche ya plagi ya kawaida ni plazima. Tofauti basi imo katika ukubwa wake na jinsi inavyozalishwa.

Kuwasha injini kwa cheche si jambo jipya. Etienne Lenoir alitumia mbinu hiyo nchini Ufaransa katika injini yake ya gesi mnamo 1860. Mwaka wa 1902, kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilitoa magineto ya volti za juu pamoja na plagi yake. Magineto zingali zinatumika katika misumeno ya injini, pampu za maji na jenereta ndogo.

Ili petroli iungue yote, kilo moja huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Hewa ikizidishwa, mafuta huokolewa, lakini moto huwa mgumu kushika. Mwale huzaliwa mahali pamoja tu, na sehemu ya joto lake humezwa na ncha za plagi. Katika injini ndogo shida huzidi, kwani kuta za silinda zi karibu na hupoza moto. Muda nao ni mfupi: silinda ya injini ya mipigo minne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huhitaji kuwashwa mara 50 kila sekunde.

Njia moja iliyojaribiwa ni plagi yenye chumba kidogo, ambamo umeme mwingi huzalisha plazima inayofoka kupitia tundu kama ulimi wa moto. Kasoro yake ni kuwa hutumia umeme mwingi na plagi huliwa upesi.

Njia nyingine ilichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, akiwemo Martin Gundersen. Wao walitumia mapigo ya umeme ya maelfu ya volti, yanayodumu makumi machache tu ya sehemu za bilioni za sekunde. Mapigo hayo hukoma kabla gesi haijapata joto jingi. Nguvu huenda kwa elektroni, nazo huvunja molekuli za oksijeni kuwa atomu zilizo nyepesi kuungana na mafuta. Hivyo moto huanza katika eneo pana.

Hapa ndipo mwenye pikipiki anapopaswa kuwa macho. Baadhi ya vifaa vinavyouzwa kwa jina la plazima ni kapasita tu inayounganishwa na waya wa plagi. Cheche hung'aa na kulia zaidi, lakini injini nzima tayari huchoma karibu mafuta yote inayopewa, kwa hivyo kinachosalia kuokolewa ni kidogo mno. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikagua zaidi ya vifaa 100 vilivyodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta, na halikupata hata kimoja kilichofanya hivyo kwa kiasi kikubwa.

Faida ya plazima hupatikana injini inapopangwa upya ili itumie hewa nyingi na petroli kidogo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa sasa, plagi iliyopendekezwa na mtengenezaji, yenye pengo sahihi, pamoja na chujio safi la hewa vitamfaa mwenye pikipiki kuliko kifaa cha mchuuzi.